Kuweka taiming ya Beetle na Kombi baada ya kutoa pointi na kufunga moduli

Maswali ni yale yale kila mara. "Nimetoa kontakti pointi nikafunga moduli ya elektroniki, gari linawaka lakini halipandi mlima." "Puli ina alama tatu, nifuate ipi?" "Si walisema ukifunga moduli hakuna tena kuseti?" Hili la mwisho ndilo linaloharibu injini. Moduli imekuondolea kazi ya kuseti nafasi ya pointi. Kazi ya kuweka taiming, yaani wakati cheche inaporuka, unaopimwa kwa digrii za mzunguko wa injini, iko pale pale, na hakuna siku inayohitajika zaidi kuliko siku ile unayofunga moduli.

Mwongozo huu ni wa injini za Volkswagen zinazopozwa kwa hewa, za cc 1300, 1500 na 1600, umeme wa volti 12: zile za Beetle, na za Kombi ambayo feni yake imesimama juu ya injini. Kombi zenye injini bapa ya cc 1700 hadi 2000 zina alama zake na namba zake, kwa hiyo usizitumie hizi. Kama Beetle yako bado ni ya volti 6, hakikisha kwanza moduli uliyouziwa ni ya volti 6. Nyingi zilizopo madukani si za volti 6.

Kwa nini taiming inahama

Pointi zilifunguka pale kisigino chake kiliposukumwa na kamu, yaani pembe za mhimili wa distributa, kile kifaa kinachogawia plagi cheche. Moduli haina kisigino. Ina sensa inayosoma sumaku nne zilizofichwa ndani ya pete ndogo inayovaa juu ya kamu, na sensa hiyo haikai mahali pale pale kisigino kilipokuwa. Hata usipoigusa distributa yenyewe, cheche itaruka digrii kadhaa mapema au kwa kuchelewa kuliko jana. Nadharia yote ya kazi hii ni hiyo.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla hujafungua kisanduku cha spana. Mafundi wetu wengi hodari huweka taiming kwa sikio: wanazungusha distributa mpaka mlio ukae vizuri, wanairudisha kidogo, wanakaza. Kwenye gari la injini ya maji mtu huponea, maana taiming ikitangulia mno utasikia injini inagonga ukipanda mlima. Beetle haikupi onyo hilo. Injini iko nyuma yako, feni ina kelele, na mgongano unaomla pistoni unamezwa na sauti hiyo. Tena injini hii inapenda taiming iliyotangulia ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Kwa digrii 15 au 20 itatulia kabisa, utafurahi. Ukishika barabara, vizito vya ndani ya distributa vinaongeza digrii nyingine zaidi ya 20 juu ya hizo, unafika 40. Joto la vichwa vya silinda linapanda, pistoni inatoboka, na mwenye gari anaambiwa mafuta yalikuwa mabaya.

Kwa hiyo hapa tutaweka taiming kwa taa, na tutaiweka injini ikiwa kwenye resi ya juu. Sailensa tutaiangalia mwishoni tu.

Unachohitaji

Taa ya taiming yenye kibano cha kubana juu ya waya wa plagi. Kama huna, azima. Ni kifaa ambacho fundi mmoja mtaani huwa nacho hata kama hakitumii. Kifaa cha kusoma RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, maana kukisia 3,500 kwa sikio hakufai. Mita ya umeme. Fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi ndogo. Spana ya milimita 21 ya kuzungushia injini kwenye nati ya puli ya dainamo au altaneta, spana ya 10 na ya 13 kwa kibano cha distributa, spana ya plagi, bisibisi bapa. Karatasi ndefu nyembamba, kalamu, na rangi nyeupe ya kucha au kisahihishi cha maandishi.

Jambo la betri huwasumbua wengi. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, na waya za taa hazifiki. Weka betri nyingine ya volti 12 chini, karibu na injini, uitumie kuwashia taa tu. Kibano cha waya wa plagi hakijali umeme wa taa unatoka wapi.

Soma pia namba iliyogongwa kwenye mwili wa distributa. Kama ni Bosch na namba inaishia na 009, distributa yako inatanguliza kwa vizito peke yake, haina mrija wa vakyumu, yaani wa mvuto wa hewa ya kabureta. Nyingine zina mrija mmoja au miwili inayotoka kwenye kabureta. Moduli hununuliwa kwa namba hiyo. Ile ya 009 haikai sawasawa kwenye distributa ya vakyumu, na dukani hawatakuuliza, kwa hiyo nenda na namba mkononi.

Kabla ya kuanza, usalama

Gari liwe mahali penye hewa, breki ya mkono imevutwa, gia iko huru. Moshi wa ekzosi unaua ndani ya gereji iliyofungwa. Funga nywele, vua tai, mtandio na mikono mirefu ya shati. Na shika hili kwa nguvu zote: taa ya taiming inaifanya puli inayozunguka kasi ionekane imesimama. Mtu hunyoosha kidole kugusa alama kwa sababu macho yake yanamwambia imetulia. Mkono mmoja ushike taa, mwingine uwe kwenye kabureta au distributa, na hakuna kinachopita karibu na mkanda wa feni.

Swichi isikae imewashwa huku injini imezima. Pointi zilivumilia. Moduli nyingi na koili vinapata moto na kuungua ndani ya dakika chache. Ukitaka kusikiliza redio, subiri.

Hatua za kazi

1. Kagua distributa yenyewe. Fungua kifuniko, shika rota, kile kipande kinachozunguka juu ya kamu, jaribu kuitikisa pembeni. Ikicheza sana, bushi zimeisha, na moduli haitaziponya. Kisha izungushe rota kwa kidole kufuata mshale wa saa na uiachie: lazima irudi yenyewe kwa springi. Isiporudi, vizito vimeganda kwa oili kavu. Visafishe na uvitie tone la oili nyepesi sasa hivi, kwa sababu kila namba utakayosoma baadaye inategemea vizito hivyo.

2. Hakikisha moduli imefungwa vizuri. Pete ya sumaku iingie mpaka chini, na rota ikae juu yake bila kuinuliwa. Rota iliyonyanyuka itakula kifuniko kwa ndani. Kama seti yako ilikuja na kipande cha plastiki cha kupimia nafasi kati ya sensa na pete, kitumie hicho. Kama haikuja nacho, fuata karatasi ya maelekezo. Waya mwekundu unaenda kwenye koili terminali 15, ile chanya. Waya mweusi unaenda terminali 1, ile hasi. Ukizibadilisha nafasi, moduli nyingi hufa hapo hapo. Kondensa ya zamani haihitajiki tena, iondoe kwenye mzunguko.

3. Pima koili. Toa waya zote mbili nyembamba, weka mita kwenye ohm, gusa 15 na 1. Moduli nyingi za kawaida zinataka karibu ohm 3 au zaidi kwa injini ya silinda nne. Koili inayosoma ohm 1.5 inavuta umeme mwingi mno, itaiunguza moduli isipokuwa maelekezo yake yanairuhusu waziwazi. Waya za plagi nazo ziwe na rezista, ama ndani ya waya au kwenye vichwa vyake. Waya za shaba tupu zisizo na rezista popote zinatoa kelele ya umeme inayoichanganya sensa.

4. Weka valvu na plagi sawa. Valvu milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla haijawashwa. Plagi ziwe na nafasi ya kiwanda, karibu milimita 0.7. Usipanue nafasi ya plagi kwa sababu tu umefunga moduli. Kama koili ni ile ile, nguvu ya cheche ni karibu ile ile. Kuweka taiming kwenye injini yenye valvu iliyobana ni kupoteza mchana.

5. Tafuta sifuri, yaani pale pistoni ya silinda ya 1 inapokuwa juu kabisa. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi. Silinda ya 1 ni ya upande wa kulia wa gari, ile iliyo mbele zaidi, karibu na abiria. Nyuma yake upande huo huo ni ya 2. Upande wa kushoto, ya mbele ni ya 3, ya nyuma ni ya 4. Simama nyuma ya gari, zungusha injini kwa spana ya 21 ili puli kubwa ya chini iende kwa mshale wa saa. Mstari wa kusomea ni ule mshono wa wima unaogawanya injini nusu mbili, juu ya puli.

Puli za kiwanda zina alama moja, mbili au tatu kutegemea mwaka, na hapo ndipo watu wanapopotea. Nyingi ya alama hizo si sifuri. Kawaida ni za digrii 7.5 na 10 kabla ya sifuri, na baadhi ni za digrii 5 baada ya sifuri. Puli za kununua zilizochorwa digrii zote mzunguko mzima ni nzuri, lakini nimeona zilizochorwa vibaya. Ukiwa na shaka, hakiki: funga kwenye tundu la plagi ya 1 kizuizi cha pistoni, yaani ganda la plagi ya zamani lililotiwa bolti yenye ncha ya mviringo. Zungusha taratibu kwa mkono mpaka pistoni iguse, chora alama kwenye puli usawa wa mshono. Zungusha kinyume mpaka iguse tena, chora alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pistoni inapokuwa juu kabisa. Hiyo ndiyo sifuri ya kweli. Toa kizuizi kabla ya kitu kingine chochote.

6. Chora alama ya 30. Hapa karatasi inafanya kazi nzuri kuliko hesabu. Izungushe kwenye ukingo wa puli, ikate pale inapokutana, itoe. Ikunje nusu, kisha nusu tena: hicho ni kipande cha digrii 90. Kikunje mara tatu sawasawa: umepata 30. Ukitaka 7.5, kunja hicho cha 30 nusu na nusu tena. Kama unapenda rula, mzunguko ukiwa milimita 540, digrii 30 ni milimita 45.

Weka sifuri usawa wa mshono. Alama ya 30 chora kulia kwake ukiwa umesimama nyuma ya gari, kwa sababu puli inazunguka kwenda kulia na alama ya "kabla" lazima ipite kwenye mshono kwanza. Ukichora kushoto utakuwa unaweka digrii 30 baada ya sifuri na gari halitakuelewa. Paka sifuri rangi moja, 30 rangi nyingine, na rangi ikauke.

7. Weka taiming ya kuwashia. Zungusha injini mpaka alama ya 7.5 ije kwenye mshono, na rota iangalie mkato mdogo uliopo kwenye ukingo wa distributa. Mkato huo ni wa silinda ya 1. Kama rota inaangalia upande wa pili, zungusha injini duara moja zima. Wakati mwingine aliyefungua injini zamani alirudisha pinioni ya distributa, gia inayoizungusha, vibaya, na rota haiangalii mkato hata ufanye nini. Usibomoe. Fungua kifuniko cha valvu upande wa kulia, hakikisha roka zote mbili za silinda ya 1, ile mikono midogo inayosukuma valvu, ziko huru, na pale rota inapoangalia ndipo pawe silinda ya 1. Panga waya kuanzia hapo, kwa mshale wa saa: 1, 4, 3, 2.

Sasa legeza kibano cha distributa kidogo, kiasi kwamba inazunguka kwa nguvu ya mkono lakini haihami yenyewe. Zungusha mwili wa distributa kidogo kwa mshale wa saa. Chomeka plagi moja kwenye waya wa katikati wa koili na ulaze ganda lake kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta na mrija wa mafuta. Washa swichi, zungusha distributa taratibu sana kinyume cha mshale wa saa. Cheche itaruka mara moja, "ta!". Simama hapo hapo, kaza kidogo, zima swichi. Injini itawaka kwa taiming hiyo.

8. Rudisha plagi na waya, washa, ipashe moto. Endesha mtaani robo saa kama breki na taa ziko sawa. Kabureta iwe imetoka kwenye choki kabisa. Injini baridi inadanganya, kwa sababu choki imeipandisha sailensa na vizito vimeshaanza kufunguka.

9. Kama distributa ina mrija wa vakyumu, utoe na uuzibe kwa skrubu upande wa kabureta. Ukiwa na mirija miwili, toa yote miwili na uizibe yote. Mwenye 009 aruke hatua hii.

10. Shusha sailensa hadi 850 au 900 RPM. Ikiwa 1,100, distributa nyingi tayari zinaongeza digrii na usomaji wako wa sailensa hauna maana.

11. Bana kibano cha taa kwenye waya wa plagi ya 1, mshale wake ukielekea plagi kama upo. Kama taa yako ina kitufe cha kuchagua digrii, kiache kwenye sifuri. Kosa linalorudiwa sana ni hili: mtu amechora alama ya 30 kwenye puli, tena ameweka kitufe cha taa kwenye 30. Jumla yake ni 60. Chagua njia moja.

12. Hii ndiyo hatua yenyewe. Kwa mkono mmoja vuta mkono wa kabureta taratibu mpaka RPM ifike 3,000, kisha 3,500. Angalia alama nyeupe kwenye mshono. Itahama jinsi mwendo unavyopanda, halafu itafika mahali isimame hata ukiongeza resi. Hapo iliposimama ndipo tunapoweka. Taka alama ya 30 ikae juu ya mshono.

Ikiwa cheche inakuja mapema mno, zungusha distributa kwa mshale wa saa kuichelewesha. Ikiwa imechelewa, zungusha kinyume cha mshale wa saa kuitanguliza. Sogeza kwa unywele. Distributa inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo digrii 1 kwenye distributa ni 2 kwenye puli. Usiishikilie 3,500 muda mrefu gari likiwa limesimama; soma, achia, rekebisha, vuta tena.

Kiasi kinachokubalika ni 28 hadi 32. Mimi ningeweka 28 kwa gari la Mombasa, Tanga au Dar es Salaam linalobeba mzigo kwenye joto, na 30 au zaidi kidogo kwa gari la Nairobi au Nakuru. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, silinda inajaa kidogo, na hatari ya kugonga inapungua. Lakini gari linaloishi Nairobi na kuteremka pwani kila mwezi liwekee la pwani.

13. Kaza kibano, kisha soma tena. Karibu kila distributa huhama kidogo wakati wa kukaza, na wengi huishia kukaza bila kuangalia tena. Rudia mpaka usomaji baada ya kukaza uwe ule unaoutaka.

14. Achia mafuta, soma sailensa. Kawaida itakaa kati ya digrii 5 na 10 kabla ya sifuri, na ikitoka hapo kidogo usiirekebishe. Namba ya resi ya juu ndiyo inayolinda pistoni, sailensa inafuata. Distributa za mirija miwili za kuanzia 1971 ni jambo la pekee: kiwanda kiliagiza sailensa yake isomwe digrii 5 baada ya sifuri, mirija yote ikiwa imeunganishwa. Mwenye nayo asiogope kuona alama upande mwingine baada ya kurudisha mirija.

15. Hamisha kibano cha taa kwenye waya wa plagi ya 3. Alama inapaswa kukaa pale pale ilipokuwa kwa plagi ya 1. Distributa nyingi za zamani za kiwandani zilicheleweshwa makusudi kwenye silinda ya 3, kwa sababu kipoza oili kiliizibia hewa na kuifanya iwe na joto kuliko zingine. Pete ya sumaku imegawanywa sawa kwa zote nne, kwa hiyo kinga hiyo ndogo imeondoka ulipofunga moduli. Hiyo ni sababu nyingine ya kutosogea zaidi ya 30 kwenye injini zenye kipoza oili ndani ya nyumba ya feni. Kama alama ya 3 inatofautiana na ya 1 kwa digrii nyingi, pete imelegea au bushi zimeisha.

16. Rudisha mrija wa vakyumu, rekebisha sailensa mara ya mwisho, nenda barabarani. Tafuta mlima, panda kwa gia ya tatu na mzigo. Gari livute bila kusita. Ukirudi, toa plagi uziangalie: rangi ya kahawia isiyoiva sana ni nzuri, nyeupe kama chaki yenye vitone vidogo vya kung'aa ni joto kali, punguza digrii mbili na ukague kabureta.

Kama mambo hayaendi

Hakuna cheche kabisa. Pima volti kwenye terminali 15 swichi ikiwa imewashwa, kwa muda mfupi. Hakuna kitu? Tatizo ni waya wa swichi, si moduli. Zipo? Angalia mwekundu na mweusi havijabadilishana. Kisha angalia ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari, ya bamba la distributa: moduli inapata ethi kupitia skrubu zake, na bamba lenye kutu au waya mdogo wa ethi uliokatika ndani ya distributa ya vakyumu unatosha kuizima. Mita kati ya bamba na hasi ya betri isome karibu sifuri ohm.

Inawaka lakini cheche dhaifu, hasa usiku taa zikiwashwa. Injini ikiunguruma, linganisha volti za betri na za terminali 15. Tofauti ikizidi volti 1, swichi na waya za miaka 50 zimechoka. Funga rilei, swichi inayoamshwa kwa umeme: waya wa zamani wa koili uamshe rilei kwenye 86, ethi kwenye 85, umeme mzito wenye fyuzi kutoka betri uingie 30, na 87 iende koili na waya mwekundu wa moduli. Moduli nyingi zinazotupwa kama mbovu zilikuwa na njaa ya volti tu.

Inazunguka, inalipua kwenye kabureta au ekzosi, haishiki. Waya za plagi hazijafuata 1, 4, 3, 2, au umeweka kwa silinda ya 3 badala ya 1. Rudi hatua ya 7.

Taa inawaka lakini hakuna alama inayoonekana popote karibu na mshono. Kibano kiko kwenye waya wa 2 au wa 4, na alama iko chini kabisa ya puli. Kwa waya wa 3 ungeiona.

Alama inarukaruka, haitulii. Bushi za distributa, pete iliyolegea, au kibano cha taa kiko karibu mno na waya nyingine. Tenganisha waya kwanza kabla ya kulaumu distributa.

Alama haihami ukipiga resi. Vizito vimeganda. Gari la namna hii lina nguvu sailensa na halina kitu barabarani. Toa distributa, isafishe.

Ukiweka 30 juu, sailensa inasoma sifuri au 18. Springi au vizito si vya asili, au distributa imechongwa. Bakia na 30 kwa sasa, tafuta distributa nyingine. Usikubali kamwe kutanguliza ile ya juu ili sailensa ipendeze.

Inasita sekunde moja ukikanyaga ghafla kutoka sailensa. Kwa 009 hili ni jambo la kawaida, maana haina vakyumu ya kuisaidia mwanzoni. Kagua pampu ndogo ya kabureta inayorusha mafuta, na jeti za sailensa. Watu hulitibu kwa kutanguliza taiming, na ndivyo pistoni nyingi zinavyokufa. Dawa ya kudumu ni distributa yenye vakyumu iliyolingana na kabureta.

Inakata ikipata moto, ikipoa inawaka. Beba plagi ya akiba. Ikizima tu, jaribu cheche hapo hapo kabla haijapoa. Kama hakuna, badilisha koili kwanza kwa ya kuazima, kisha ndipo ushuku moduli. Kama cheche ipo na ni ya nguvu, tatizo ni mafuta, na taiming haihusiki.

Ukizima swichi, injini inaendelea kutetemeka. Sailensa iko juu mno, taiming imechelewa, au ile valvu ya umeme ya kabureta inayokata mafuta imekufa. Angalia kwa mpangilio huo.

Pointi za zamani na kondensa usivitupe. Vitie kwenye kopo pamoja na fila geji ya 0.4 na skrubu zake, viwe chini ya boneti ya mbele. Moduli ikifa Mtito Andei saa tatu usiku hakuna wa kuitengeneza, lakini pointi utazifunga kwa tochi ya simu: seti 0.4, rudisha kondensa, zungusha distributa kwa cheche kama hatua ya 7, endesha polepole. Taiming hapo si ya moduli tena, kwa hiyo ukifika nyumbani chukua taa uanze upya hatua ya 8.